Joto la Mtoto Njiti

Kati ya Kilosa mjini na Mikumi kuna kijiji kinaitwa Ulaya. Wageni wakikisikia hucheka, na wenyeji walishachoka na utani huo tangu zamani. Lakini katika habari ninayotaka kusimulia jina hilo lina kazi. Tiba ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ilitoka Ulaya ile ya mbali ikiwa na mashine zake na milango yake iliyofungwa, na ikachukua zaidi ya miaka mia moja kutambua kwamba ilimwacha nje mtu aliyehitajika kuliko wote.

Tuanzie barabarani. Mama wa kijiji kama Ulaya akijifungua mtoto wa kilo moja na nusu, mlolongo wa rufaa ni huu: zahanati, kisha hospitali ya wilaya Kilosa au Hospitali ya Mtakatifu Kizito pale Mikumi, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, na mambo yakizidi, Muhimbili. Kutoka Mikumi hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 300. Sehemu ya safari hiyo inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, ambako usiku dereva hana budi kwenda polepole kwa ajili ya nyati na tembo, hata kama nyuma yake kuna roho inayohesabu dakika.

Daktari wa watoto wachanga anayempokea mtoto huyo hospitali kubwa ana mambo mengi ya kuuliza: uzito, wiki za ujauzito, kama mama alichomwa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, kama mtoto alilia. Ila la kwanza ni kipimajoto. Mtoto mchanga anatakiwa awe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Njiti hana mafuta chini ya ngozi, na ngozi yenyewe ni nyembamba kiasi kwamba mishipa inaonekana. Akipoa, anachoma sukari yake kidogo aliyonayo ili ajipashe joto, anahitaji oksijeni nyingi zaidi, kisha anachoka na kuanza kusahau kupumua. Anaweza kuondoka Kilosa akiwa na mapafu yenye shida ndogo akafika Dar akiwa na shida tatu, mbili kati yake zimetengenezwa njiani. Anayesoma fomu ya rufaa anatibu ugonjwa na barabara kwa pamoja.

Kiswahili kimempa mtoto huyu jina la njiti, kile kijiti cha kiberiti. Nimewahi kusikia watu wakisema ni jina la dharau. Mimi nalipenda, kwa sababu njiti ni kitu chembamba chenye moto ndani.

Mashine ya kwanza ya kumpasha joto ilianza kutumika Paris karibu na mwaka 1880. Daktari wa uzazi Stéphane Tarnier aliichukua kutoka kwenye wazo la vitotoleshi vya vifaranga. Mwanafunzi wake, Pierre Budin, aliona mapema kwamba mama aliyetenganishwa na mtoto wake mara nyingi huja kumpoteza hata pale mtoto anapopona. Onyo hilo halikusikika sana. Badala yake vifaa vilizunguka kwenye maonyesho: Martin Couney aliweka njiti ndani ya vioo kule Coney Island, New York, watu wakalipa kiingilio kuwatazama, hadi mwaka 1943. Pesa za viingilio ndizo zilizolipa wauguzi. Ni jambo la aibu na la huruma kwa wakati mmoja, na sijui nilihukumu vipi, maana watoto wengi walipona ambao hospitali za wakati ule zisingewagusa.

Mwezi Agosti 1963 mtoto wa Rais John F. Kennedy, Patrick, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati, akiwa na kilo 2.1. Aliishi siku mbili tu. Mapafu yake yalikosa ule utelezi unaoyazuia yasijikunje, na nchi tajiri kuliko zote haikuwa na la kufanya. Leo mtoto wa uzito huo wodi ya kawaida ya Morogoro inaweza kumsaidia. Mwaka huohuo shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam, katika hospitali iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret na ambayo baadaye ilikuja kuitwa Muhimbili. Nyerere alizoea kuwakumbusha watu kwamba uhuru uliikuta nchi ikiwa na madaktari wazalendo 12. Katika hali hiyo nani angefikiria daktari wa njiti? Aliyehitajika kwanza ni tabibu wa kijijini, na Kilosa yenyewe ikawa moja ya miji yenye chuo cha kuwafundisha.

Wodi za watoto wachanga zilipokuja kujengwa, zilirithi utaratibu wa Ulaya: mtoto ndani, mama nje. Mama aliyejifungua kwa upasuaji alipanda ngazi kila baada ya saa tatu kukamua maziwa, akayakabidhi, akarudi kitandani kwake jengo la pili. Hoja ilikuwa vijidudu. Mama alionekana kama mgeni anayeleta uchafu.

Mwaka 1978, kule Bogotá nchini Colombia, Dk. Edgar Rey Sanabria alikuwa na njiti wengi kuliko vitotoleshi, wakilazwa zaidi ya mmoja katika kimoja, wakiambukizana. Aliwatoa na kuwafunga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wima, kama mtoto wa kangaruu. Huduma ya kangaruu ilizaliwa na uhaba, na kwa sababu hiyo kwa miaka mingi wakubwa wa taaluma waliiona kama tiba ya maskini, kitu cha kufanya mpaka mashine zifike. Hata miongozo iliyoikubali iliweka sharti: mtoto kwanza atulie, apumue vizuri, ndipo apewe mama. Sharti hilo lina kasoro kubwa. Njiti wengi wanaokufa hufa katika siku zilezile za kusubiri kutulia.

Hapo ndipo Muhimbili inapoingia katika historia ya dunia, na ninashangaa jinsi Watanzania wachache tunavyolijua hili. Kuanzia mwaka 2017 ilikuwa moja ya hospitali tano, pamoja na nyingine za Ghana, India, Malawi na Nigeria, zilizojaribu kuondoa sharti lile. Kitanda cha mama kiliingizwa ndani ya wodi ya uangalizi maalumu. Mtoto wa kati ya gramu 1,000 na 1,799 alifungwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, mirija ya oksijeni na ya maziwa ikiwa palepale. Mama akiwa bado hawezi, ndugu aliyemchagua alimbeba mtoto: bibi, shangazi, dada. Daktari alifanya mzunguko wake akimchunguza mtoto juu ya kifua cha mtu, jambo linalobadilisha hata lugha yake, maana huwezi kumjadili mgonjwa kama namba ya kitanda wakati mama yake anakutazama usoni.

Watoto 3,211 waliandikishwa. Waliowekwa kifuani mapema walikaa hapo karibu saa 17 kwa siku. Wenzao waliosubiri kutulia, saa moja na nusu wakiwa katika wodi ile. Katika siku 28 za kwanza walikufa asilimia 12.0 ya kundi la kwanza na asilimia 15.7 ya kundi la pili. Januari 2020 wasimamizi wa usalama walisimamisha utafiti kabla ya muda wake, kwa kuwa isingekuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Na vijidudu? Dalili za maambukizi ya damu zilikuwa chache zaidi kwa waliokaa na mama. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake.

Nasisitiza neno moja: ndani. Kangaruu haikuchukua nafasi ya daktari. Wale watoto walikuwa na wauguzi, dawa, na mashine inayosukuma hewa puani huku bomba lake likitoa mapovu kwenye chupa ya maji. Anayesema kifua cha mama kinatosha, basi bajeti ya oksijeni ipunguzwe, hajaelewa kilichopimwa.

Takwimu za nchi zinaonyesha kwa nini jambo hili haliwezi kusubiri. Mwaka 2004-05 watoto 112 katika kila 1,000 walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 43. Vyandarua, chanjo na dawa za malaria vilifanya kazi hiyo. Lakini vifo vya mwezi wa kwanza katika kipindi hichohicho vilishuka kutoka 32 hadi 24 tu. Kuna kilichosaidia: mafunzo ya kumpumulisha mtoto asiyelia, kwa mfuko na barakoa, ndani ya dakika ya kwanza, yaliyojaribiwa katika hospitali nane nchini, Dk. Augustine Massawe wa Muhimbili akiwa miongoni mwa walioyaongoza. Vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Hayo nayo ni mambo ya mikono, na ya muda.

Tatizo linarudi barabarani. Mwaka 2010 mafuriko ya mto Mkondoa yaliikumba Kilosa, yakasomba nyumba na tuta la reli. Ndipo watu walipoona mji wenye stesheni tangu enzi za Wajerumani unavyoweza kuwa kisiwa kwa usiku mmoja. Sasa kuna mpango wa m-mama: unapiga 115 bure, na kama gari la wagonjwa liko mbali anatumwa dereva wa kawaida wa karibu, naye analipwa kwa simu. Gari la namna hiyo, teksi au Noah, halina kitotoleshi na halitakuwa nacho. Lina kiti cha nyuma. Akikaa hapo mama, au bibi, mtoto akiwa kifuani na kofia kichwani, nepi tu mwilini na kanga mbili zimefungwa kwa kukaza, kipimajoto cha Morogoro kinaweza kusoma 36.6. Muuguzi wa zahanati aliyemfunga hivyo ameshaanza matibabu ambayo daktari bingwa ataendelea nayo.

Mwaka 2025 sheria ya kazi ilirekebishwa, na mama aliyejifungua njiti akaongezewa likizo hadi zitimie wiki 40 za ujauzito. Doris Mollel, aliyezaliwa njiti mwenyewe, alikuwa amelipigania hilo kwa miaka. Ni ushindi mkubwa kwa mwalimu na karani. Mama anayeuza nyanya kando ya barabara kuu pale Mikumi hana mwajiri wa kumwandikia barua. Saa zake 17 za kumbeba mtoto inabidi azikate kwenye kulima, kuchota maji na kuuza, au agawane na dada yake na mama mkwe kwa zamu. Wodini Muhimbili alipewa kitanda na chakula. Akirudi nyumbani na mtoto wa kilo 1.8, kanga ni zilezile, ila zamu ya usiku haina muuguzi.