Maji Yale Yale, Kazi Tatu: Umwagiliaji, Samaki na Kilimo katika Bonde la Ruzizi

Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu pale Bukavu na kuingia Ziwa Tanganyika, kati ya Uvira na Bujumbura. Njiani unashuka karibu meta 700. Sehemu ya chini ni uwanda wa joto unaolimwa mpunga, mahindi, mihogo na nyanya. Upande wa Kongo, mito inayoshuka kutoka milimani, kama Luberizi, Sange na Kiliba, ndiyo inayolisha mifereji ya wakulima.

Kuanzia Juni hadi Septemba mvua hukatika na maji ya mifereji hupungua. Mwenye shamba la juu hufungulia maji usiku, na mpunga wa mwenzake wa chini hukauka. Kwa hiyo wengi wakisikia habari ya kufuga samaki huuliza: maji hayatoshi mpunga, yatatosha samaki namna gani? Jibu liko katika kalenda na katika njia ya maji.

Kalenda

Bwawa la meta 10 kwa 20, lenye kina cha meta moja, linashika karibu lita 200,000. Tulijaze wakati wa mvua, mito inapokuwa imejaa, wala si wakati wa kiangazi. Tukitia vifaranga vya tilapia mwezi wa Desemba, baada ya miezi sita hivi tunavua Juni. Mwezi huo samaki ni adimu sokoni, kwa sababu nchi nne zinazozunguka Ziwa Tanganyika zimekubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili ndagala na mikeke wapate kuzaana. Na maji tunayoyatoa bwawani siku ya kuvua yanafika shambani wakati mboga zina kiu.

Njia ya maji

Utaratibu mzuri ni huu: mfereji, kisha bwawa, kisha shamba. Maji yakipita bwawani yanabeba mavi ya samaki na mabaki ya chakula chao, nayo ni mbolea kwa lengalenga, kabichi na nyanya. Tope la chini ya bwawa pia lichotwe na kutandazwa shambani. Pumba za mpunga na majani laini ya shamba hurudi bwawani kuwa chakula cha samaki.

Utaratibu huo usigeuzwe. Maji yaliyopita katika shamba lililopulizwa dawa ya wadudu yakiingia bwawani, samaki wote wanaweza kufa kwa siku moja.

Kutunza bwawa

Tilapia hukua vizuri maji yakiwa na joto la digrii 25 hadi 30. Ndiyo sababu uwanda unawafaa kuliko milima yenye baridi. Chagua udongo wa mfinyanzi, kwa sababu mchanga unavujisha maji. Tia vifaranga viwili kwa kila meta mraba, yaani 400 katika bwawa tulilolitaja. Wakizidi, au wakiachwa wazaane muda mrefu bila kuvuliwa, watabaki wadogo.

Samadi ya kuku au ya ng'ombe hufanya maji yawe ya kijani, na hicho ni chakula cha samaki. Ili kupima, ingiza mkono: kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, inatosha. Samaki wakipanda juu asubuhi kutafuta hewa, acha samadi na uongeze maji mapya.

Mambo ya kuangalia

Mahali pengine katika uwanda udongo una chumvi. Kumwagilia bila mtaro wa kutolea maji hupandisha chumvi hiyo juu, na mwishowe shamba halizai. Kingo zenye majani marefu hufuga mbu na konokono wa kichocho, basi zifyekwe. Maji ya bwawa si ya kunywa. Na wafugaji waachiwe njia na mahali pa kunyweshea ng'ombe, la sivyo mifugo itabomoa kingo.

Mapatano

Bwawa moja la mtu wa juu, likijazwa wakati wa kiangazi, linaweza kuharibu mavuno ya familia nyingi za chini. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba, watumiaji wa mfereji mmoja wakae pamoja: wakulima wa juu na wa chini, wafugaji, na akina mama wanaolima mboga. Wapatane siku za zamu, mwezi wa kujaza mabwawa, nani anashika ufunguo wa lango la maji, na siku ya kufukua mfereji. Yaandikwe, yasomwe mbele ya wote. Jembe huchimba bwawa kwa wiki chache, lakini ni mapatano yanayolifanya lidumu miaka.