Amri na Swali: Polisi wa Memphis, 1987–1988

Katika Septemba 1987, mjini Memphis, Marekani, polisi waliitwa kwa kijana mgonjwa wa akili aliyekuwa akijikata kwa kisu. Walimwamuru akitupe, hakutii, wakampiga risasi, akafa. Marehemu alikuwa mweusi na askari weupe, na ghadhabu ya raia ikawa kubwa.

Mwaka wa 1988 polisi, pamoja na vyuo vikuu na chama cha jamaa za wagonjwa, waliunda kikosi cha askari wa doria waliojitolea, wakafundishwa kwa saa 40 na waganga na hata wagonjwa wenyewe. Sisi wa lugha yatupasa kulitazama fundisho lenyewe. Amri humtaka msikilizaji aliye tayari kuisikia. Lakini kwa mtu asikiaye sauti wasizozisikia wengine, amri ya ukali ni kelele moja zaidi. Basi askari alifundishwa kushusha sauti, kujitaja jina, kuuliza, na (hili ndilo gumu kwa mwenye bunduki) kungoja jibu.

Maneno matupu, hata hivyo, yasingalifaa. Hospitali ya mji ilikubali kumpokea kila aliyeletwa, tena upesi. Maana askari akawizwaye mlangoni usiku kucha huiona jela kuwa karibu zaidi.