Chumba cha sinema mu nyumba: nani anaikala mu giza?



Kijana akimaliza masomo na kupata mushahara wa kwanza kwanza, kitu yenye anawaza mbio ni saloni: tele kubwa ku ukuta, mabafle ine, viti vya kulegea. Wengine wanaenda mbali zaidi. Wanataka chumba kizima cha sinema mu nyumba, na projekta, na giza ya kweli. Si vibaya. Lakini mimi nilisomea historia, na mu historia tunauliza kwanza: hii kitu ilitoka wapi, na ilikuwa ya nani?

Leo nitasema mambo mawili. Ya kwanza: karibu kila kitu yenye tunaona mu chumba cha sinema iliingia mule kwa sababu, na mwenye anajua ile sababu hatapoteza feza bure. Ya pili: tangu mwanzo, mashini haikuwa jambo nguvu kuliko yote. Jambo nguvu ilikuwa kuamua nani anaingia na nani anabakia inje.

1. ILIANZA MU SALONI

Wengi wanafikiri sinema ilizaliwa mu sale kubwa. Hapana. Tarehe 28 Mwezi wa 12, 1895, filme za ndugu wawili Lumière zilionyeshwa mbele ya watu wenye kulipa, mu Paris, ku Grand Café, mu chumba cha chini yenye walikuwa wanaita Salon Indien. Watu 33 njo walilipa, kila mutu franka 1. Chumba kidogo, viti, kitambaa cheupe, giza. Ni kile kile tunatafuta leo.

Zaidi ya mwaka moja na nusu mbele ya pale, mu 1894, ku New York walikuwa wamefungua fasi yenye masanduku ya Edison, yenye kuitwa Kinetoscope. Mule mutu anainama, anaweka macho ku katundu kadogo, anaangalia filme peke yake. Kwa hiyo njia zilikuwa mbili: kuangalia peke yako mu sanduku, ao kuangalia pamoja ku ukuta. Njia ya ukuta ilishinda. Muikumbuke, juu leo telefone inaturudisha pole pole mu sanduku ya Edison.

Sasa, sababu gani sinema haikuingia mbio mu nyumba za watu? Sababu ya moto. Filme za ile wakati zilikuwa za nitrati, kitu yenye inawaka vikali sana. Na taa za projekta nazo zilikuwa hatari. Tarehe 4 Mwezi wa 5, 1897, mu Paris, moto ulianzia ku taa ya eteri ya projekta mu Bazar de la Charité, na watu zaidi ya 120 wakafa. Nani angeleta kitu sawa hiyo karibu na kitanda cha watoto?

Mu 1912 kampuni Pathé ilileta mashini ya nyumbani yenye kuitwa KOK, na filme ya milimetre 28 yenye haiwake mbio. Kitu yenye ilinifurahisha: ile mashini ilikuwa na dinamo ndani. Unazungusha mukono, filme inatembea, na palepale taa inawaka. Haikuomba nyumba iwe na umeme. Sisi wa Kivu tunaelewa ile akili bila kufasiriwa! Kisha ikakuja Pathé-Baby mu 1922, na filme ya Kodak ya milimetre 16 mu 1923. Lakini zote zilikuwa za watu wenye feza.

Wakubwa wa dunia nao walijitengenezea vyumba vyao. Mu 1942, Rais Roosevelt wa Marekani alipata sale ya sinema mu White House. Ilikuwa fasi ya kutundikia makoti na kofia, wakaibadilisha. Stalin alikuwa na yake mu Kremlin, anaita viongozi wenzake usiku, na hakuna mwenye anathubutu kusema niko na usingizi. Mwenye chumba njo alikuwa anachagua filme, saa, na wageni.

2. HUKU KWETU: NANI ALIRUHUSIWA KUONA?

Mu Kongo ya Wabelgiji, ile swali ya mulango iliandikwa mu sheria. Mu 1936 utawala uliamua kama mweusi haruhusiwe kuingia kuona filme yenye komisio ya kuchunguza haijakubali. Muzungu alikuwa anaona filme mu sale yake, ao mu saloni yake kama alikuwa na mashini. Mweusi alikuwa anaonyeshwa filme inje, mu kiwanja cha misioni, kitambaa kimetundikwa, padri pembeni anafasiria. Mu Kasai, miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst alitengeneza filme za kuchekesha za Matamata na Pilipili: mumoja munene, mwingine mwembamba. Watu walicheka sana, na ndani ya kicheko kulikuwa masomo yenye misioni ilitaka wapate.

Lakini watu hawakupokea tu yenye walipewa. Mu Léopoldville ya ile miaka, vijana waliona filme za wacowboy, wakachukua jina la Buffalo Bill, wakajiita Bills. Wakatengeneza mavazi yao, mutembeo wao, na hata luga yao, Hindubill. Ile giza ya sinema ilizaa kitu yenye mukoloni hakupanga. Njo maana nasema giza ya pamoja ni kitu ya maana: watu wakiangalia pamoja, wanatoka mule na maneno mapya ya kusemezana.

Kisha uhuru, televizio ilianza Kinshasa mu 1966. Wakati wa Zaïre, mbele ya habari za jioni, sura ya Mobutu ilikuwa inashuka mu mawingu. Wazazi wetu wanaikumbuka. Unaweza kupanga viti vyako namna unapenda, lakini mwenye alikuwa anaingia wa kwanza mu saloni ilikuwa Serikali.

Kaseti njo ilivunja ile. JVC ilitoa VHS mu 1976, na mu 1984 Tribunali Kuu ya Marekani ilisema, kwa sauti 5 juu ya 4, kama mutu kurekodi programu ya tele nyumbani kusudi aiangalie kisha si kosa. Kuanzia pale mwenye nyumba alikuwa na ruhusa ya kuchagua filme na saa, sawa vile Stalin, lakini bila kutisha mutu! Huku kwetu kaseti ilizaa sale za video: nyumba ya mbao, mabati, benchi, tele moja, jenereta inanguruma inje. Zilikuja na filme zenye mutu anafasiria mu Kiswahili juu ya sauti ya Waamerika ao Wahindi, kazi yenye ndugu zetu wa Tanzania na Kenya waliendelesha sana. Na wakati ile ile sale kubwa za sinema zilikuwa zinakufa. Kinshasa, nyingi ziligeuka makanisa.

3. SOMO LA MITO YA VITI

Turudie ku 1895, sababu ile mwaka kulitokea jambo lingine, mu Marekani, yenye inasaidia zaidi mwenye anataka kujenga. Ku Harvard kulikuwa sale moja ya masomo, mu Fogg Art Museum, yenye wanafunzi hawakuweza kusikia profesa. Neno moja lilikuwa linaendelea kulia mu ukuta karibu sekunde 5 na nusu, lingine linakuja juu yake, inakuwa fujo. Walimupa kazi profesa kijana wa fizike, Wallace Sabine. Hakununua mashini kubwa. Usiku, wakati muji umenyamaza, alikuwa anabeba mito ya viti kutoka Sanders Theatre, anaiweka mule kidogo kidogo, anapiga filimbi ya ogani, na anapima sauti inakufa kisha sekunde ngapi. Aliona kama kila muto unakula sehemu ya sauti. Alipima hata watu: mutu mumoja mwenye kuvaa nguo naye anakula sauti. Kutoka pale njo ilizaliwa sayansi yenye ilisaidia kujenga Symphony Hall ya Boston mu 1900.

Sasa angalia nyumba zetu: simenti chini, simenti ku ukuta, karo, vioo vikubwa, plafo ngumu. Ni sale ya Fogg tupu! Mutu ananunua mabafle ya feza mingi, kisha analalamika hasikie maneno ya filme. Mabafle haina kosa. Ukuta njo unasema.

4. CHUMBA CHA MUKUBWA WANGU

Haya yote yalinisaidia mwaka jana, wakati mukubwa wangu alikuwa anajenga ku Bukavu na akaniambia: «Wewe musomi, kuja tuchore hii chumba pamoja.» Chumba kilikuwa na metre 4 kwa 5 na nusu. Yeye alitaka kuanza na projekta. Mimi nikamuambia tuanze na vitu vya bei ya chini.

Kwanza, vitu vya kula sauti. Tapi nzito chini, rido nzito za kitambaa ku dirisha na ku ukuta wa nyuma, viti vya kitambaa kuliko vya plastike. Rafu yenye imejaa vitabu ku ukuta wa pembeni inasaidia pia, sababu inavunja sauti mbele irudi. Na juu, kati ya mabati na plafo, tuliweka kitu laini ya kujaza, juu mvua ya Bukavu ikianza kupiga ku mabati, hata bafle ya aina gani haiwezi kushindana nayo.

Pili, giza. Ukuta wenye kubeba ekrani na plafo ya karibu yake tulipaka rangi nyeusi isiyongaa. Mwangaza wa filme ukipiga ku ukuta mweupe, unarudi ku ekrani na kuosha picha: fasi nyeusi inakuwa kijivu. Rangi ni ya bei ya chini kuliko projekta mupya.

Tatu, umbali. Kanuni yenye mafundi wa sinema wanatumia ni ekrani kujaza digri 30 ya macho. Kwa hesabu, chukua kipimo cha ekrani kona kwa kona, zidisha kwa 1,6. Tele ya inchi 55 ni metre 1,40. Kiti kinakuwa karibu metre 2,25. Ekrani ya inchi 100 ni metre 2,54. Kiti kinakuwa metre 4. Njo pale mukubwa wangu aliona kama ile chumba yake inatosha ekrani ya inchi 100, na haiombe zaidi.

Ine, mabafle. Ile mupango wa mabafle tano na moja ya besi ulitoka mu sale za sinema, ukaenea mu nyumba na DVD. Mutu akiwa na feza kidogo, aweke nguvu ku bafle ya katikati, chini ya ekrani, sababu maneno ya filme yanatokea pale. Mbili za mbele zinakaa kushoto na kuume, zikiangalia kiti. Mbili zingine zinakaa pembeni, nyuma kidogo ya masikio.

Tano, umeme. Tele ya LED ya inchi 55 inakula karibu wati 100. Weka 50 za sauti: filme ya saa mbili inaomba wati-saa 300. Batiri moja nzuri ya pano la jua inaweza. Projekta ya taa kubwa inakula mara mbili ao tatu zaidi. Fanya ile hesabu mbele ya kulipa.

5. MULANGO

Tulipomaliza kuchora, mama aliangalia karatasi akauliza: «Watoto ba jirani batapitia wapi?» Mukubwa wangu alikuwa amepanga viti sita na mulango wa ufunguo, ndani kabisa ya nyumba. Alikuwa na sababu: uchafu, kelele, batiri yenye analipa peke yake. Mama naye alikuwa na yake: yeye aliona tele ya kwanza mu maisha yake kupitia dirisha ya mutu, amesimama inje, na hajasahau.

Tuliongea mingi. Mwishowe tuliongeza mulango wa pili wenye kutokea ku lupango, na nyuma ya viti tukainua sakafu sentimetre 30, fasi ya benchi mbili, kusudi wa nyuma waone juu ya vichwa vya wa mbele. Siku moja kwa juma mulango ule unafunguliwa. Na Sabine anatusaidia: chumba kikijaa watu, sauti inakuwa muzuri zaidi.

Kwangu, hii haikuwa jambo la roho nzuri tu. Mwezé Ngangura alipata zawadi kubwa ya FESPACO mu 1999 na filme Pièces d'identités. Dieudo Hamadi, mutoto wa Kisangani, alifuata wenye waliumizwa na Vita ya Siku Sita mu filme En route pour le milliard, ya 2020. Wageni waliziona mu sale muzuri za inje. Mwanafunzi wa Uvira ao wa Butembo ataziona wapi, na atazijadili na nani? Telefone itamuonyesha, lakini peke yake, ameinama.

Kwa hiyo wewe mwenye unachora nyumba yako, ao mwenye ungali unaiota tu mu chumba cha kupanga: anza na tapi, maliza na projekta. Na mbele fundi aweke ukuta wa mwisho, amua kwanza mulango utaangalia wapi.