Nanaa Katika Nchi ya Kiangazi: Taarikh ya Jani Lililofika Singida

Taarikh ya biashara ya bara imeandikwa kwa pembe za ndovu, kwa merekani na kaniki, kwa ushanga na masango ya shaba, na aghalabu walioiandika hawakuona haja ya kutaja majani yaliyoota nyuma ya jiko. Ilhali majani nayo yana safari zake, na safari ya nanaa hata kufika Singida, nchi ambayo mvua yake ni ya msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, wala haivuki sana milimita 800 hata katika mwaka wa neema, ni safari inayostahili kusimuliwa. Nanaa hupenda unyevu na kivuli chepesi. Kwa hiyo kila shina lililo hai mwezi wa Septemba katika ua wa Manyoni, wa Iramba au wa Singida mjini, ni shina ambalo mtu, na aghalabu ni mwanamke, amelikatia sehemu katika maji aliyoyateka kwa taabu na kuyachukua kichwani.

Asili ya mmea huu ni nchi za Ulaya na za Mashariki ya Kati, na sifa zake ni za kale mno. Injili ya Mathayo, katika mlango wa 23, yautaja pamoja na bizari na jira katika habari za zaka, hata jina lake likasikika mimbarini katika makanisa ya Kilutheri ya Iramba. Na Ibn Sina, tabibu mkuu aliyefariki mwaka 1037, aliuhesabu katika kitabu chake cha Kanuni miongoni mwa dawa zinazolifaa tumbo. Watu wa Oman na wa pwani yetu waliurithi katika mapishi na katika tiba. Yafaa kukumbuka jambo moja la maumbile yake, kwa kuwa ndilo lililoamua mwenendo wa taarikh yake yote: nanaa haitegemei mbegu. Ile nanaa kali itiwayo katika peremende, chotara iliyotambuliwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 17, haina kabisa mbegu za kutegemewa. Na hii ya nyumbani, hata ikizaa mbegu, watoto hawafanani na mama. Atakaye nanaa nzuri sharti apewe kipande na mwenye nayo.

Sasa na tuitazame njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo ikielekea Unyanyembe, nchi ya Tabora, iliikata sehemu ya kusini ya mkoa wa leo, ikapenya pori la Mgunda Mkali, magharibi ya Kilimatinde, pori ambalo hofu yake kubwa kwa wapagazi ilikuwa ni kiu. Wasafiri Waingereza Burton na Speke, walioondoka pwani mwezi wa Juni 1857, hawakuingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, ila tarehe 7 Novemba. Na Stanley, msafiri mwenye haraka, alitoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871 akafika Unyanyembe mwezi wa Juni. Ajuaye nanaa hufahamu maana ya miezi hiyo, kwani tawi lililokatwa hunyauka katika saa chache, na hata likiviringwa katika kitambaa kibichi haliishi ila siku kadhaa. Nionavyo mimi, nanaa yoyote iliyovuka Mgunda Mkali katika mizigo ya Waarabu na Waungwana ilikuwa kavu, imefungwa mkobani pamoja na iliki na karafuu. Ile mbichi ilingoja reli.

Reli ya Kati, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na Manyoni ikawa stesheni yake; kisha katika miaka ya 1930 Waingereza wakajenga tawi la kwenda Singida na Kinyangiri. Safari ya miezi ikawa safari ya siku chache, na shina lenye mizizi yake katika kopo la udongo laweza kustahimili siku chache. Chai nayo ilikuwa njiani. Wajerumani walikuwa wameijaribu Amani, katika Usambara, tangu mwaka 1904, na katika zama za Waingereza mashamba yalipoenea Usambara, Mufindi na Rungwe, chai ya rangi iliingia katika maduka na katika nyumba za bara. Nanaa ikapata kinywaji cha kuandamana nacho.

Haikukuta nchi isiyojua manukato. Kivumbasi, kinachoota chenyewe bila kubembelezwa, kilikuwa kikifukuza mbu majumbani tangu zamani, na ni jamaa wa karibu wa nanaa: mtu akikibiringisha kijiti cha kivumbasi baina ya vidole, kisha cha mrehani, kisha cha nanaa, ataona kuwa vyote vitatu vina pembe nne. Tofauti ni kwamba kivumbasi humudu kiangazi, na nanaa haimudu.

Ndiyo maana mahali pa kuipanda ni karibu na maji ya nyumbani. Maji ya ziwa Singidani hayafai, kwa chumvi yake. Zipo nyua ambamo sufuria kuukuu iliyotobolewa chini huwekwa pale watu wanapotawadhia, ili maji ya udhu yamiminikie mizizi mara tano kwa siku; na nyingine huiweka chini ya mtungi, panapodondoka tone baada ya tone. Hekima ya hayo ni kubwa, kwa kuwa hakuna ndoo hata moja inayotekwa kwa ajili ya nanaa peke yake. Chombo nacho ni lazima, kwani mizizi yake hutambaa chini kwa chini, na ikiachiwa bustani huwasonga mchicha na vitunguu. Kipande cha urefu wa kidole, kikivuliwa majani ya chini na kusimamishwa katika bilauri ya maji, hutoa mizizi katika muda wa juma moja au mawili. Upepo wa Singida ni adui mkubwa kuliko jua, basi kiambaza chenye kuuzuia upepo huo ndicho kikingio bora. Majani yakipata madoa ya rangi ya kutu kwa chini, mashina yakatwe mpaka usawa wa udongo yakachomwe. Machipukizi mapya huweza kutoka safi.

Matumizi yake ni mengi, nami nitataja yale nisiyochoka nayo: majani machache katika chai ya rangi iliyotiwa asali ya Itigi, chatini ya nanaa, limau, chumvi na pilipili mbichi, iliyosagwa kinuni, kwa kuku wa kienyeji wa kuchoma, na kachumbari ya vitunguu vya Singida iliyokatiwa nanaa dakika ile ile ya kuandaliwa, maana ikikaa huwa nyeusi. Hutuliza tumbo lililojaa gesi, ila mwenye kiungulia yaweza kumzidishia. Na mafuta yake makali yasipakwe kabisa usoni pa mtoto mchanga, kwa kuwa yaweza kumzuia pumzi.

Mvua za Desemba zikishika, sufuria moja hutoa kuliko mahitaji ya nyumba, na huo ndio wakati wa kuwagawia majirani vipande na wa kukausha akiba. Matawi hukatwa kabla ya maua, asubuhi umande ukiisha, yakafungwa vitita na kutundikwa kivulini penye hewa, maana jua huondoa harufu. Yakikatika vidoleni hutiwa katika kopo lenye kifuniko, nayo hutosha chai mpaka Oktoba.