Nyambizi Iliyogeuka Ngoma: Tuihakiki Das Boot ya U96

Wapo wenzetu wanaodai kuwa muziki wa tekno hauna la kuhakikiwa. Eti hauna wahusika, hauna ujumbe. Ni mdundo tu, mtu acheze mpaka achoke akalale. Makala haya yanapinga dai hilo kwa mfano mmoja: albamu ya kwanza ya kundi la U96 la Hamburg, Ujerumani, iliyotoka mwaka 1992 kwa jina la Das Boot, yaani Chombo.

Tuanze na jina lenyewe la kundi. U-96 ilikuwa nyambizi ya jeshi la majini la Ujerumani ya Hitler, iliyoanza kazi mwaka 1940. Vitani ilizamisha meli 27. Mojawapo ni Almeda Star, meli ya abiria ya Waingereza, iliyopigwa katika Atlantiki Januari 1941. Watu wote 360 waliokuwamo walikufa. Msomaji na aishike idadi hiyo, maana tutairudia.

Baadaye mwaka huohuo, Lothar-Günther Buchheim alisafiri na nyambizi hiyo akiwa mwandishi wa habari za vita. Mwaka 1973 akatoa riwaya ya Das Boot, inayosimuliwa kwa nafsi ya kwanza: uvundo, woga, na kule kungoja kusikokwisha. Mwaka 1981 Wolfgang Petersen akaifanya filamu. Yule "mimi" wa riwaya akapewa jina, Luteni Werner, akaigizwa na Herbert Grönemeyer, ambaye naye ni mwanamuziki. Filamu inaanza kwa kutukumbusha kwamba kati ya mabaharia 40,000 wa nyambizi za Kijerumani, 30,000 hawakurudi. Hata hivyo Buchheim hakuridhika. Aliona riwaya yake ya kupinga vita imegeuzwa sinema ya vishindo. Muziki wa filamu hiyo ulitungwa na Klaus Doldinger, mpiga saksafoni wa jazi.

Miaka kumi ikapita. DJ Alex Christensen na watayarishaji Ingo Hauss, Helmut Hoinkis na Hayo Panarinfo wakaichukua tuni ya Doldinger, wakaitia kwenye kompyuta na vinanda vya umeme, wakaongeza mlio wa mitambo ya kusikilizia chini ya maji na sauti ya mashine inayosema Kijerumani. Basi, ngoma ikalia! Mwaka 1992 wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Ujerumani kwa majuma 13.

Kwa nini Ujerumani, na kwa nini wakati ule? Ukuta wa Berlin ulifunguliwa mwaka 1989, na nchi mbili zikawa moja tarehe 3 Oktoba 1990. Tekno yenyewe ilikuwa imetoka Detroit, Marekani, kwa vijana weusi kama Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, ambao nao walikuwa wamewasikiliza Kraftwerk wa Düsseldorf. Kwa maoni yetu, vijana wa Mashariki na Magharibi, waliofundishwa historia mbili zinazogombana, waliupenda muziki huu kwa sababu haukuwadai waseme lolote. Ukumbini hakuna anayeulizwa babu yake alikuwa wapi mwaka 1941.

Hapo ndipo penye fundo la hoja yetu. Tukiitazama safari hii kihakiki, tunaona kila hatua inapunguza mtu. Riwaya ina msimulizi mwenye dhamiri. Filamu ina nyuso za mabaharia. Tuni ya Doldinger haina maneno, lakini bado ina pumzi za wapigaji. Kwa U96 hata pumzi imeondoka. Imebaki mashine inayoimba habari za mashine. Fani na maudhui haviachani: ukibadili fani, na maudhui yamehama, hata kama jina ni lilelile.

Msomaji atasema, "Sasa, kosa lao nini? Vijana walicheza tu." Kweli, na mimi nikiusikia wimbo huo miguu hainitii. Lakini turudi kwa wale 360. Riwaya na filamu zinasimulia safari ya miezi ya mwisho ya 1941, kwa hiyo Almeda Star haimo. Ndani ya filamu tunawaona waliozamishwa wakiungua kwa mbali, na nyambizi ikirudi nyuma isiwaokoe. Ndani ya wimbo hawapo kabisa. Yaani muuaji amebakiziwa namba yake, aliyeuawa hakubakiziwa hata mlio.

Tunahitimisha kwa kusema hivi: albamu hii haipaswi kupigwa marufuku wala kudharauliwa. Nyambizi yenyewe ilizamishwa na mabomu ya Wamarekani bandarini Wilhelmshaven tarehe 30 Machi 1945, lakini jina lake lilifika madukani na kwenye kumbi za dansi. Kazi ya mhakiki ni kuuliza jina hilo lilifikaje pale, na nani aliachwa majini njiani. Ukishajua, cheza.