Nyuma ya kila "bin" kuna mama

Nilikuwa kimya kwa sababu ya shughuli ya ukoo hapa Makanyagio.

Wazee walinipa kazi. "Wewe si mwandishi wa habari? Basi tuandikie ukoo." Chanzo ni kiwanja alichoacha marehemu babu. Kabla hakijagawanywa, ijulikane nani wa ukoo na nani siye. Nikaandika: fulani mtoto wa fulani, mtoto wa fulani, vizazi sita. Nikamsomea bibi. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mume wangu, hao wanaume walizaana wenyewe kwa wenyewe?"

Nikacheka, halafu nikanyamaza. Kwenye karatasi yangu hakukuwa na mtoto wa shangazi hata mmoja.

Ndipo nikamkumbuka Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefariki Zanzibar mwaka 1905. Jina lake kamili ni Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el Murjebi. Hesabu mwenyewe: wanaume watupu. Lakini soma kitabu cha maisha yake alichokisimulia kwa Kiswahili, utaona kwamba milango mikubwa ilifunguliwa na wanawake.

Mlango wa kwanza hauko mbali nasi. Panda treni hapa Mpanda, vuka mto Ugalla, pita Kaliua, shuka Tabora. Hapo ndipo Unyanyembe. Baba yake, Muhammed bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Karunde hakuwa mama mzazi wa Tippu Tip, lakini kwa ndoa hiyo mzee Muhammed hakuwa tena mgeni mwenye bidhaa. Akawa mkwe wa ikulu, mwenye sauti katika nchi.

Mlango wa pili ulikuwa mbali, Utetera, mashariki mwa Kongo ya leo. Tippu Tip alisikia kwamba zamani wanawake wawili wa ukoo wa mtemi wa huko, Kasongo Rushie, walitekwa na kupelekwa Urua. Akaona nafasi. Akadai kwamba babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir, alimpata mmoja wao, na huyo ndiye bibi yake. Mtemi alikuwa mzee. Akampokea kama damu yake, akamwachia nchi na pembe zake!

Wanahistoria wengi wanaona hadithi hiyo aliitunga. Mimi nawaza hivi: mtu aliyekuwa na bunduki nyingi vile, kwa nini ahangaike kutunga bibi? Kwa sababu bunduki hukupa nchi leo tu. Nasaba hukupa haki ya kuketi. Na alijua kwamba kwa watu wale, haki hiyo ingeweza kupita kwa mwanamke.

Msidhani ni Afrika tu. Wales nako walikuwa na neno "ap", yaani mwana wa, sawasawa na "bin" yetu. Makabaila wao walijivunia orodha ndefu za mababu. Henry VII aliyetwaa kiti cha Uingereza mwaka 1485 alitoka upande wa baba katika ukoo wa Tudor wa Wales. Lakini dai lake la kiti lilipitia kwa mama yake, Margaret Beaufort.

Watemi wetu walipoteza madaraka yao kisheria mwaka 1963, na jina la Fundikira bado linafahamika. Mjukuu mmoja wa ukoo huo, Abdallah Fundikira, alikuwa waziri katika serikali ya Tanganyika huru. Lakini ukiuliza kijiweni Karunde ni nani, wengi watakutazama tu.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiletewa karatasi ya ukoo, uliza maswali mawili. Nani kaiandika? Na aliyeachwa nje anapoteza nini?

Mimi yangu nimeichana. Mpya ina mama wa kila mtoto, na shangazi zangu wote wamo. Wazee wawili wamenuna, wanasema nimeleta "watu wa nje" kwenye kiwanja. Kikao ni Jumapili. Bibi kasema atakaa mbele.

Je, kwenu bibi zenu mmewaandika?