Neasden: Kuipa redio ya zamani ya gari sauti ya Bluetooth

Katika kitongoji cha Neasden, kaskazini magharibi mwa London, bado yapo barabarani magari mengi yaliyoundwa kabla simu ya mkononi haijageuka kuwa redio.

Sababu mojawapo ni kanuni za hewa safi. Mpaka wa eneo la tozo ulifika barabara ya North Circular, inayokatiza Neasden, tarehe 25 Oktoba 2021, kisha ukapanuliwa hadi London nzima tarehe 29 Agosti 2023. Gari linalochafua hewa kupita kiwango hulipiwa pauni 12.50 kwa siku. Hata hivyo gari la petroli lenye kiwango cha Euro 4, yaani takriban yote yaliyosajiliwa tangu mwaka 2006, halitozwi. Gari dogo la petroli la mwaka huo likapata umri mpya, na redio yake ikabaki ile ile: FM, mahali pa kutia CD na, katika baadhi, kaseti.

Redio hiyo haiwezi kunasa Radio Citizen ya Nairobi wala TBC Taifa ya Dar es Salaam, ambazo hufika London kwa intaneti, kupitia simu. Kazi ya mwenye gari, basi, ni kuitoa sauti kwenye simu na kuifikisha kwenye spika bila kuigusa simu akiwa njiani.

Hilo la kutoigusa si hiari. Dereva anayekamatwa na simu mkononi nchini Uingereza hutozwa faini ya pauni 200 na kuandikiwa pointi 6 katika leseni. Tangu tarehe 25 Machi 2022 kosa hilo linajumuisha hata kutafuta wimbo, na kusimama kwenye taa nyekundu si utetezi. Aliye na leseni kwa muda usiozidi miaka 2 huipoteza kwa pointi hizo 6. Kwa mgeni anayelisha jamaa kwa kuendesha gari la abiria, huko ni kupoteza kazi.

Kwanza itazamwe redio yenyewe

Kabla ya kununua chochote, mwenye gari na achunguze uso wa redio, sanduku la glavu na kisanduku kilicho kati ya viti. Pakiwa na tundu dogo la duara la milimita 3.5 lenye maandishi AUX, mambo yamekwisha kuwa mepesi. Kipokezi kidogo cha Bluetooth huchomekwa hapo, hupewa umeme kwa plagi ya kiwashia sigara, na simu huunganishwa nacho mara moja tu. Sauti yake ni safi, na bei yake ni ndogo.

Yapo pia magari ya miaka ya 2000 yenye Bluetooth ya kupigia simu pekee. Wenyewe hushangaa kwamba simu inasikika lakini muziki hausikiki. Si kuharibika: teknolojia hii ina taratibu tofauti, na ule wa kupitisha muziki hutambulika kwa alama A2DP. Anayenunua kifaa na aitafute alama hiyo katika boksi, pamoja na HFP, ambayo ni ya mazungumzo ya simu.

Transmita ya FM na msongamano wa London

Pasipo na tundu la AUX, wengi hukimbilia transmita ndogo ya FM, inayouzwa pia kwa jina la modulata. Kifaa hiki hupokea sauti ya simu kwa Bluetooth, kisha huirusha upya kwa masafa ya FM, na redio ya gari huikamata kama kituo kingine chochote.

Nchini Uingereza vifaa hivi vilikuwa haramu hadi tarehe 8 Desemba 2006, na vilivyoruhusiwa vimewekewa nguvu isiyozidi nanowati 50. Nguvu hiyo huishia mita chache tu. Katika barabara ya Singida, ambako vituo ni vichache, yatosha. Neasden ni habari nyingine. Mawimbi ya London yamejaa vituo vyenye leseni na visivyo nayo. Na Neasden yenyewe ina historia katika jambo hilo, kwani ndiko kituo cha Dread Broadcasting Corporation kilikoanza kurusha muziki wa Weusi bila leseni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Dereva akipata mahali patupu akiwa nyumbani, akifika Harlesden hukuta pameshikwa. Ni dawa ya muda, wala haifai kusifiwa zaidi ya hapo.

Msomaji aliye Mombasa au Dar es Salaam ana shida ya aina yake. Redio nyingi za magari yaliyotoka Japani huishia megahezi 90, ilhali transmita nyingi huanzia 87.5. Hubaki upenyo mdogo baina ya namba hizo mbili, na humo ndimo transmita iwekwe.

Mwenye redio ya kaseti amebahatika kuliko anavyodhani. Ipo kaseti ya bandia yenye Bluetooth na betri ndani yake, ambayo hupitisha sauti moja kwa moja kwenye kichwa cha kusomea utepe. Haina ugomvi na kituo chochote.

Kubadili redio

Suluhisho la kudumu ni redio mpya. Kipimo kiwe cha kwanza: nafasi ya kawaida ina upana wa milimita 180 na kimo cha 50, na nafasi kubwa ina kimo cha 100. Gari ambalo redio yake imeungana na vitufe vya kiyoyozi huhitaji fremu maalumu, na mara nyingine haifai kuigusa.

Waya za gari zisikatwe. Hununuliwa waya wa kuunganishia wenye plagi za gari upande mmoja na za redio upande wa pili. Katika redio mpya waya wa njano ni wa umeme wa kudumu, mwekundu ni wa umeme unaokuja ufunguo ukizungushwa, na mweusi ni wa ardhi. Baadhi ya magari, hasa ya Volkswagen, yamegeuza nafasi za njano na nyekundu. Dalili yake ni redio inayosahau vituo kila gari linapozimwa. Tiba ni kubadilishana waya hizo mbili katika viungio vyake. Waya za spika zisiunganishwe kamwe na bodi ya gari, kwani redio huweza kuungua.

Betri itenguliwe kabla ya kazi, lakini si kabla ya kuitafuta namba ya siri ya redio ya zamani. Bila namba hiyo redio nyingi hukataa kuwaka tena, na atakayetaka kuirudisha siku ya kuliuza gari atajuta.

Mlio na betri

Baada ya kuunganisha kipokezi kwa AUX, wengine husikia mlio mwembamba unaopanda injini inapoongezwa mwendo. Chanzo ni kipokezi na redio kupata ardhi kwa njia mbili tofauti. Kichujio kidogo cha transfoma kinachowekwa kwenye waya wa sauti huondoa kelele hiyo. Kukitia kipokezi umeme wa betri yake chenyewe ni njia nyepesi ya kuhakikisha kwamba kosa ni hilo.

Katika magari mengine tundu la kiwashia sigara hubaki na umeme hata baada ya ufunguo kutolewa. Humo kifaa kichomolewe kila jioni, hususan wakati wa baridi, gari linapolala siku kadhaa bila kuwashwa na betri imekwisha zeeka.